Mtu wa Keria

4 Septemba

Wifi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Natumaini mgongo umepunguza makali, na huko kwenye chumba cha kufulia wameshawaletea ile mashine mpya waliyoahidi, maana mashuka ya hospitali nzima si ya kusuguliwa na mikono ya watu wa umri wetu. Huku ni wazima. Kijana wetu alipiga simu kutoka kazini kwake, anasema mtoto ameota jino la pili na anamng'ata kila mtu isipokuwa mama yake.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi ulipopiga tuliulizana hali, kisha wewe ukalia, nami nikalia, tukakata bila kuambiana chochote. Kwenye karatasi mtu anaweza kulia, akanawa uso, akarudi kuendelea pale alipoachia.

Habari yenyewe ni hii, na usicheke. Nimeanza kujifunza kuendesha baiskeli.

Sijasahau tulichokubaliana nyumba ilipokuwa bado imejaa watu wa msiba: shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza nami sina njia ya kupeleka sare zangu dukani ng'ambo ya daraja, nafunga cherehani na kuhamia kwako. Mwenye duka amenivumilia. Lakini ameshanieleza wazi kwamba msimu wa kufungua shule haumsubiri mtu, na karibu naye kuna fundi mwingine anayejiletea kazi zake mwenyewe. Ndugu yako ndiye aliyekuwa miguu yangu. Sasa baiskeli yake imeegemea ukuta wa chumbani, na kila ninaposhona naiona inanitazama.

Mwalimu wangu ni fundi baiskeli wa pale kona. Watu wanamwita Spoki kwa wembamba wake. Alipoiona keria tu akasema, "Huu mto utoe, utakusumbua unapopanda." Nikamwambia mto hautoki. Ni ule niliojishonea kwa vipande vya sare, bluu na kijivu, nikaukalia miaka yote ya ndoa yetu. Akasema, "Haya, Fundi. Mto ni wako na magoti ni yako."

Nisalimie wenzako wa kufulia.

Wifi yako


19 Septemba

Wifi,

Barua imefika. Mashine mpya haijafika. Kimefika kikaratasi cha kusema inakuja. Mgongo upo. Jirani yangu wa chumba cha pili amehama, kwa hiyo siku hizi nikikohoa sijibiwi na mtu ukutani.

Kuhusu baiskeli. Una miaka hamsini na ushee. Mimi nimefua mashuka ya wodi ya mifupa nusu ya maisha yangu, najua wanaolala pale na jinsi walivyofika. Chumba changu kinatosha vitanda viwili. Cherehani yako itaingia chini ya dirisha, nimeshapima kwa kamba. Watu wa kushonewa wapo huku kama walivyo huko.

Tena nakuomba, baiskeli hiyo iache. Sitaki kusikia habari zake. Kuna mambo sitayaandika. Wewe mwenyewe unayajua.

Msalimie kijana na mkewe, na huyo mwenye meno.

Wifi


6 Oktoba

Wifi yangu,

Habari za huko? Huku mvua imeanza kuonja onja. Bati la jikoni linavuja palepale ndugu yako alipokuwa akisema ataziba kesho. Mkwe wetu amenitumia picha ya mtoto. Ana paji la uso la babu yake, mpaka ile mistari miwili ya kufikiri, ingawa sijui mtoto wa mwaka mmoja anafikiri nini.

Umeandika kwamba kuna mambo ninayajua. Nimesoma sentensi hiyo nimekaa, nikaisoma nimesimama, na sijui ni mambo gani. Labda ni uchungu tu, wifi. Nami siku hizi situlii. Nashona mshono mmoja nainuka. Nafagia palipofagiliwa. Natoka mpaka mlangoni kumtazama nani, sijui, kisha narudi. Nikiwa juu ya baiskeli tu ndipo miguu inapata kitu cha kufanya, hata kama ni kuanguka.

Tunajifunzia kwenye uwanja nyuma ya ghala lililofungwa. Mwanzoni nilikuwa nikitaka kusimama nanyanyua mkono wa kulia kwenye usukani, nauteremsha pembeni kutafuta lile gurudumu la cherehani ninaloshikaga kusimamisha sindano. Halipo. Breki naisahau, mkono unapapasa hewani, halafu chini. Spoki akauliza, "Fundi, unampungia nani?"

Hilo limeisha. Limebaki moja: naanguka upande wa kushoto tu. Kila mara kushoto. Spoki alinitazama siku nzima, kisha akacheka mpaka akakalia kopo lake la grisi. "Wewe huendeshi," akasema. "Wewe unatazama madirisha." Ni kweli. Nimekaa kwenye keria maisha yangu yote, miguu imening'inia kushoto, uso kushoto. Kwenda dukani najua ukuta wa kiwanda tofali kwa tofali. Kurudi najua uwanja wa mpira na lile duka la majeneza. Mbele sijapata kupajua. Mbele kulikuwa na mgongo wake. Sasa nikipanda tu shingo inageuka yenyewe, na baiskeli inafuata shingo.

Spoki akasema kwa mzaha nijishonee kofia yenye masikio ya pembeni, kama vile vifuniko vya macho vya farasi wa mkokoteni. Nimeishona kweli. Nilipopita nayo, kinamama wa bombani waliacha ndoo zao zifurike, halafu mmoja akauliza, "Jamani, huyo amejificha au ametoka?"

Nikuambie kitu kidogo. Unakumbuka ndugu yako nyumbani alivyokuwa mchache wa maneno. Akipanda baiskeli alikuwa anafunguka kama bomba. Njia nzima anaongea, na upepo unayachukua yote. Mimi nyuma nilisikia sauti tu, kama mtu anayezungumza chumba cha jirani, nami naitikia "eeh," "eeh." Tukifika sikumuuliza alisema nini, maana angegundua sisikii na angenyamaza, na mimi nilipenda ile sauti. Sasa nikianguka nabaki chini kidogo, nawaza alikuwa ananiambia nini miaka yote ile.

Usinikasirikie.

Wifi yako


15 Novemba

Wifi yangu,

Sijapata jibu, nikasema labda barua imepotea, nikapiga simu kazini kwako. Walisema upo lakini una kazi nyingi, huwezi kufika kwenye simu. Basi nikashukuru kwamba upo.

Huku wazima. Bati bado linavuja, nimeweka sufuria. Naenda moja kwa moja sasa, bila kofia, mpaka mwisho wa barabara ya ghala. Kukata kushoto naweza. Kukata kulia bado kunanishinda, kwa hiyo nikitaka kwenda kulia nazunguka jengo zima kwa kushoto hadi nijikute nimefika. Spoki anasema nikienda mbali namna hiyo nitarudi mwaka ujao.

Sare nilizomaliza ni zaidi ya nusu. Kama kuna nililokukosea, niandikie hata mstari mmoja. Ukimya wako unanichosha kuliko baiskeli.

Wifi yako


1 Desemba

Wifi yangu,

Mimi ni mzima, na naomba uwe umekaa chini unaposoma.

Barua yako ya Oktoba niliipata. Ulipopiga simu nilikuwa nimesimama palepale, karibu na meza ya simu, nikawaashiria waseme nina kazi.

Nataka unijibu swali moja, na jibu lolote nitalipokea. Ndugu yangu alikuambia habari ya moyo wake?

Mwaka jana alipokuja huku ukafikiri amekuja kunisalimia, nilimpeleka kwa daktari wa hapa. Daktari alimwambia moyo umechoka, aache mizigo, aache vilima. Nikamwambia arudi akuambie. Akasema niache, atakuambia mwenyewe kwa wakati wake. Haikupita muda akanipigia, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyetua gunia. "Nimemwambia leo," akasema. "Njiani, pale kwenye ukuta wa kiwanda."

Nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Amesema eeh."

"Eeh basi?"

"Eeh mara mbili. Si unamjua, hana makelele. Nimemwambia tuendelee hivi hivi mpaka nitakapochoka, na amekubali."

Tangu siku hiyo nimetembea na hiyo eeh yako kifuani. Ulivyokuwa unalia siku ya mazishi nilikutazama, nikasema huyu analia nini naye alijua. Alijua, akaendelea kukaa nyuma, akapandishwa kilima cha sokoni kama mzigo. Nilikuambia uje ukae kwangu kwa sababu wewe ni mjane wa ndugu yangu. Haikuwa kwa sababu nilitaka kukuona.

Halafu ukaniandikia habari ya upepo. Nimeisoma hiyo sehemu chumba cha kufulia, nimeisoma kitandani. Sikujua niandike nini, ndiyo maana sikuandika.

Nijibu.

Wifi yako


14 Desemba

Wifi yangu,

Salamu. Mtoto sasa anasimama akishika kiti, hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo.

Hakuniambia. Au aliniambia. Sijui lipi ndilo neno lake.

Nimeikumbuka siku yenyewe, nadhani. Tulikuwa tumepeleka sweta za shule, na tuliporudi, mlangoni, alinishika mkono kunishusha. Hakuwa amewahi kunishusha, mimi nilikuwa naruka mwenyewe kabla baiskeli haijasimama. Akaniuliza, "Basi tumeelewana?" Nilidhani ni habari ya vifungo, maana asubuhi nilimlalamikia kwamba mwenye duka ametuletea vifungo vibovu. Nikasema, "Tumeelewana." Akacheka peke yake, akachukua kitambaa akaanza kung'arisha kengele. Aling'arisha ile kengele mpaka chai ikapoa.

Alichagua kuniambia pale ambapo hataniona uso. Ndivyo alivyokuwa, wewe ni dada yake, unajua. Nami nikampa jibu nililompa kila siku. Akafa akiamini nilijua na nikabaki nimetulia nyuma yake. Sijui kama hilo lilimpa raha au lilimpa upweke. Nalizungusha usiku na mchana na halisimami upande wowote.

Ningejua ningeshuka, wifi. Kila kilima ningeshuka. Ningesukuma, ningembeba yeye na baiskeli yake.

Baiskeli nimeigeuzia uso ukutani. Spoki amekuja kuniita, nimemwambia goti linauma. Sare zote zimekwisha, zimepigwa pasi na kufungwa, zimekaa juu ya meza na hazina wa kuzipeleka. Shule zinakaribia. Nadhani ulisema kweli tangu mwanzo. Unaweza kuanza kusogeza kitanda.

Sikulaumu kwa uliyoyafikiri. Mimi pia ningefikiri hivyo.

Wifi yako


22 Desemba

Wifi yangu,

Kitanda sisogezi.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa. Mgeuze huyo mnyama atoke ukutani, mtie upepo. Mwambie huyo Spoki wako goti limepona.

Nitakaa kwenye keria mimi mwenyewe, nishike furushi la sare. Nataka kusikia kinachosikika huko nyuma. Nimemhukumu mtu miezi yote hii kwa kitu nilichoambiwa kwenye simu, na mimi sijapata kukaa kwenye keria ya ndugu yangu hata mara moja. Alikuwa akinikaribisha, nikamwambia siwezi kubebwa kama kabichi.

Ukiweza kunibeba na makalio haya, duka litakuwa jambo dogo.

Wifi yako


20 Januari

Wifi yangu,

Nimefika salama. Kiunoni nina alama ya ule mto wako, bluu na kijivu zote mbili. Chumba nimekikuta kinanuka ukimya, nikafungua dirisha na redio kwa pamoja.

Kwanza nikuombe radhi kwa kupiga kelele pale darajani. Lile lori halikuwa karibu kama nilivyosema. Na kwenye kilima nilishuka kabla hujaniambia, sijui kama uliona. Tulisukuma wote wawili, mkono wako kwenye usukani na wangu kwenye keria, na moyoni mimi nilikuwa na ndugu yangu njia nzima ya kile kilima. Nadhani wewe pia.

Mwenye duka bado ananichekesha. "Leo umeletwa na nani?" Nawe ukajifuta jasho, ukamwonyesha mimi na furushi langu: "Huyu ndiye aliyeletwa." Alivyozihesabu zile sare kwa aibu. Alivyokupa na kazi ya sketi za muhula ujao kabla hata hujaiomba. Nimeona pia kwamba kurudi ulikata kulia mwenyewe kwenye ghala, bila kuzunguka jengo. Sikusema kitu nisije nikakutia mkosi.

Habari za huku. Mashine mpya imekuja. Inafua, inakamua, inakausha, wewe unabonyeza tu. Imekuja tangu Desemba, sikukuambia nilipokuwa huko kwa sababu mbili tatu. Inafanya kazi ya watu wanne, na sisi wanne wa zamani tumeambiwa mwisho wa mwezi wa tatu tukapumzike. Ni neno zuri, tukapumzike. Mgongo utafurahi. Nimeanza kufunga vyombo, ingawa sijui nafunga kwa safari gani, maana chumba ni hikihiki.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Tulipokuwa tunapita kwenye ukuta wa kiwanda ulianza kuongea. Niliona mabega yako yanasogea, nikasikia sauti. Upepo ulikuwa unapiga, skafu yangu inanipiga masikioni, na yale matofali yanapita, mengine yameandikwa majina ya watoto. Wewe unaongea, mimi nikasema, "Eeh." Ukaendelea, nikasema, "Eeh" tena. Nilijisikia nikisema, wifi. Ilitoka yenyewe. Sikushika hata neno moja. Nilitaka tu usinyamaze.

Nilikaa pale nyuma nikalia, na hilo pia hukulisikia.

Sitakuuliza tena habari ya eeh yako, wala mtu mwingine asithubutu kukuuliza mbele yangu. Ila yangu nakuuliza. Pale ukutani uliniambia nini?

Wifi yako


2 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea kutoka kwa Spoki, aliyeipokea kutoka kwa mtu wa posta, aliyesema nyumbani hakuna mtu. Kweli hapakuwa na mtu. Nilikuwa barabarani. Nimepeleka sketi za kwanza peke yangu, nimekwenda kushoto, nimerudi kulia, na kwenye kilima nimeshuka kama kawaida yetu. Kijana amenipigia simu akanikuta nahema, akadhani naumwa. Nikamwambia amuulize Spoki. Mtoto anatembea.

Nilipita kwenye ukuta ule nikiwa peke yangu na nikajaribu kitu. Nilisema kwa sauti jina nililokuwa nikimwita ndugu yako tukiwa wawili tu. Hata mimi mwenyewe niliyelitamka sikulisikia vizuri. Basi nikaacha kulizungusha lile jambo. Alizungumza, nikaitika, tukafika nyumbani. Nadhani naweza kuishi na hivyo.

Sasa swali lako.

Habari ya mashine sikuwa nayo nilipokuwa naongea, naomba ulijue hilo kwanza, usije ukadhani ni huruma. Nilikuwa nimeliweka neno hili moyoni tangu ulipoingia mlangoni na lile begi dogo la mtu asiyetaka kukaa. Nyumbani nilishindwa kulisema. Nikitazama uso wako nilikuwa naona utakataa, na utakataa kwa maneno mazuri, ya chumba chako na kazi yako na mgongo wako. Nikasema nitalisema barabarani, ambapo hatutazamani.

Nilikuambia kwamba chumba cha nyuma ni kikavu, bati linalovuja ni la jikoni tu. Nikakuambia cherehani yangu ya zamani bado inafanya kazi na mtu aliyekunja mashuka maisha yake yote hawezi kushindwa na pindo la sketi. Nikakuomba uje ukae na mimi, si kwa kutembelea.

Ukasema eeh. Nikakuuliza, kweli? Ukasema eeh tena.

Nimeshapima dirisha na pazia liko kwenye sindano. Spoki amebadilisha spoki mbili za gurudumu la nyuma, anasema hizo ni kwa ajili yako na usiudhike. Kama una neno lingine, liandike haraka kabla sijafika kwenye pindo. Lakini ukumbuke kwamba anayeendesha hana macho nyuma. Ana haki ya kuamini alichojibiwa.

Wifi yako